Amri Tatu za git-flow Zinazofanana Siku ya Kwanza Tu

Mtu anayejifunza git-flow, zana ya amri iliyojengwa juu ya Git (mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya programu), hukutana mapema na amri tatu zinazoonekana kuhusu jambo moja, yaani kushirikiana na mwenzake katika tawi (mkondo wa kazi uliotengwa na mingine) la kipengele kipya: `git flow feature publish`, `git flow feature track` na `git flow feature pull`. Ya kwanza haimsumbui sana, kwa kuwa ni dhahiri kwamba inapeleka tawi kwenye seva. Maswali huanzia kwenye mbili zilizobaki. Akitumia `track`, tawi la mwenzake hutokea kwenye kompyuta yake na faili hubadilika kulifuata. Akitumia `pull`, hutokea tawi lilelile, kwa jina lilelile, likiwa na faili zilezile. Kwa nini basi ziwe mbili? Nimeulizwa swali hili mara nyingi na wasanidi wapya ninaowaelekeza kazi, na kila ninapolijibu naona kwamba jibu fupi halitoshi, kwa sababu tofauti iliyopo haionekani siku amri inapotolewa. Huonekana baadaye, msanidi anapotaka kurudisha kazi yake kwenye seva, na kufikia hapo amekwisha kusahau ni amri ipi aliyoitumia.

Kwangu hili ni jambo zito. Amri inayoshindwa papo hapo humfundisha mtumiaji wake, maana humwambia kwamba njia hii siyo, naye hutafuta nyingine. Amri mbili zinazofaulu kwa sura moja na kuacha hali mbili tofauti nyuma yake hazimfundishi chochote, na humwachia deni asilojua kwamba analo. Nataka kueleza deni hilo ni lipi hasa katika git-flow, lilitokana na nini, na kwa nini nadhani halikuhitajika kubaki kwa muda wote huo.

Tuanze na chimbuko. Linus Torvalds alianza kuandika Git mwezi wa Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia BitKeeper, mfumo waliokuwa wakiutumia kabla yake, bila malipo, na miezi michache baadaye Junio Hamano akapokea jukumu la kuisimamia. Git ilikuja na uwezo mkubwa wa kutengeneza matawi na kuyaunganisha, lakini haikuja na maoni yoyote kuhusu namna timu inavyopaswa kuyapanga. Pengo hilo lilijazwa na Vincent Driessen, aliyechapisha tarehe 5 Januari 2010 makala iliyoeleza mpangilio wa matawi mawili ya kudumu, `master` na `develop`, pamoja na matawi ya muda ya aina tatu: ya vipengele vipya, ya kuandaa toleo, na ya marekebisho ya dharura. Kisha akatoa mkusanyiko wa skripti za sheli uitwao git-flow, ambao kazi yake ilikuwa kugeuza mpangilio huo kuwa amri, ili mtu aandike `git flow feature start malipo` badala ya kukumbuka kwamba anatakiwa kuanzia `develop` na kulipa tawi lake jina linaloanza na `feature/`.

Makala ile ya 2010 ina sehemu ambayo wengi huipita haraka, nayo ndiyo inayofafanua kwa nini `pull` iliwekwa. Driessen alieleza timu yenye repo (hifadhi ya faili na historia yake) moja ya katikati, ile iitwayo `origin`, lakini ambayo wasanidi wake wanaweza pia kuvuta mabadiliko moja kwa moja kutoka kwa wenzao, bila kuyapitisha katikati kwanza. Wawili au watatu wanaoshughulikia kipengele kikubwa wangeweza kuwa timu ndogo, kila mmoja akiiandikisha repo ya mwenzake kama chanzo, na kubadilishana kazi kabla haijawa tayari kuonekana na wote. Katika hali hiyo amri ya kuchungulia kazi ya mwenzako bila kulifunga tawi lako na la kwake ina maana kabisa. Unamtembelea, unaona alichofanya, unaondoka.

Hapo ndipo tofauti ya ndani ilipo. Kila tawi katika Git linaweza kuwa na kumbukumbu ya tawi la mbali linalofuatana nalo. Kumbukumbu hiyo ni mistari miwili katika faili ya mipangilio ya repo: mmoja unataja repo ya mbali, mwingine unataja tawi lililo ndani yake. Mistari hiyo ikiwepo, `git pull` na `git push` hujua zitoe wapi na zipeleke wapi bila kuambiwa. Isipokuwepo, tawi linabaki lilivyo, na komiti zake zote (yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye historia) zimo, ila halijui lilikotoka. Sasa, `git flow feature track malipo` huenda `origin`, hutafuta tawi `feature/malipo`, hutengeneza tawi la jina hilo kwenye kompyuta yako, na huandika kumbukumbu hiyo. `git flow feature pull origin malipo` huenda `origin`, huchukua komiti zilezile, hutengeneza tawi la jina lilelile, na kwa makusudi kabisa haiandiki kumbukumbu yoyote. Skripti yenyewe hutumia chaguo la `--no-track`.

Tazama pia mpangilio wa maneno yanayofuata amri, maana nao huwapoteza watu. Katika `track` neno la kwanza ni jina la kipengele. Katika `pull` neno la kwanza ni jina la repo ya mbali, na jina la kipengele hufuata. Mtu aliyezoea kuandika `git flow feature track malipo` na siku moja akaandika `git flow feature pull malipo` atakuwa ameiomba zana itafute repo ya mbali iitwayo malipo, na hakuna repo kama hiyo. Mpangilio huu ni sahihi kwa nia ya asili, kwa sababu kumvuta mwenzako kunahitaji kumtaja mwenzako. Lakini kwa msanidi ambaye timu yake ina chanzo kimoja tu, na hizo ndizo timu nyingi ninazozijua, kuitaja `origin` kila mara ni mzigo usio na sababu inayoonekana.

Kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo baya zaidi. Kazi ya `pull` hutegemea tawi lipo au halipo. Kama halipo kwenye kompyuta yako, hulitengeneza. Kama lipo, na umesimama juu yake, huvuta komiti mpya na kuziunganisha na zako. Hizi ni kazi mbili zenye madhara tofauti: ya kwanza haiwezi kuharibu kitu, ya pili inaweza kukuingiza kwenye mgongano wa faili ambao hukuutarajia. Mtunzi aliiona hatari hii, ndiyo maana aliweka kizuizi: ukiwa kwenye tawi jingine na ukaomba kuvuta `malipo`, git-flow hukataa na kueleza kwamba imesimama ili kuepuka muunganisho usiokusudiwa. Ninamheshimu kwa kizuizi hicho. Hata hivyo, naona amri inayohitaji mlinzi wa aina hiyo mlangoni ni amri ambayo tangu mwanzo ilipaswa kuwa mbili.

Ili deni lionekane vizuri, tumfuate msanidi mmoja hadi mwisho wa njia. Mwenzake ametoa `git flow feature publish malipo`, na tawi `feature/malipo` sasa liko kwenye seva. Yeye anataka kusaidia. Anasoma orodha ya amri, anaona `pull`, na kwa kuwa siku zote ametumia `git pull` kuchukua kazi ya wengine, anaichagua. Tawi linatokea. Anafanya kazi mchana kutwa, anaweka komiti kadhaa, kisha anaandika `git push`. Git inakataa na kumwambia kwamba tawi hili halina tawi la mbali linalofuatana nalo, na hata inampa amri ndefu ya kuliwekea. Akiisoma na kuifuata, ameokoka. Lakini yeye yumo katika ulimwengu wa git-flow, amefundishwa kwamba kupeleka tawi kwenye seva ni kazi ya `publish`, kwa hiyo anaandika `git flow feature publish malipo`. Skripti ya asili inaanza kwa kuhakikisha kwamba tawi la jina hilo halipo kwenye seva. Lipo, kwa kuwa mwenzake alikwisha kuliweka. Zana inamjibu kwamba tawi hilo lipo tayari na kwamba achague jina jingine.

Ushauri huo hauna kosa kwa anayeanzisha kipengele kipya. Kwa huyu wetu ni ushauri wa kuipasua kazi. Akiufuata, atalibadilisha tawi lake jina, atalichapisha, na kuanzia hapo kipengele kimoja kina matawi mawili kwenye seva, kila moja likiwa na komiti ambazo jingine halina, na kila msanidi akiamini kwamba lake ndilo halisi. Nimekuta matawi pacha ya namna hii katika repo za timu zaidi ya moja, moja likiwa na jina la kipengele na jingine likiwa na jina hilohilo lenye tarakimu 2 mwishoni. Waliohusika hawakuwa wazembe. Kila hatua waliyochukua ilikuwa jibu la kawaida kwa kile zana ilichowaambia.

Kabla ya 2014 mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa namna nyingine. Hadi Git 2.0 ilipotolewa mwezi wa Mei mwaka huo, `git push` isiyotaja chochote ilisukuma matawi yote yaliyokuwa na jina moja pande zote mbili. Msanidi wetu asingekataliwa hata kidogo. `feature/malipo` lingeenda, na pamoja nalo yangeenda `develop` na `master` kama alikuwa na komiti ndani yake ambazo hazijawa tayari. Badiliko la 2.0, lililofanya Git isukume tawi la sasa peke yake, na tena pale tu linapofuatana na tawi la mbali lenye jina lilelile, liliondoa hatari hiyo na kuleta kukataliwa nilikokueleza hapo juu. Kwa tathmini yangu ni badiliko zuri mno, maana lilimrudishia mtumiaji kosa mapema, wakati bado linaweza kurekebishwa na mtu mmoja.

Kwa nini `publish` na `track` ziliandikwa, wakati Git yenyewe inaweza kufanya kazi hizo? Jibu liko kwenye tarehe. Makala ya Driessen ni ya Januari 2010. Git 1.7.0, iliyokuja na `git push --set-upstream`, ni ya Februari 2010. Mtu aliyetaka kupeleka tawi jipya kwenye seva na wakati huohuo kuandika kumbukumbu ya kufuatana hakuwa na amri moja ya kufanya hivyo, ikabidi asukume kwanza, kisha aandike mistari miwili ya mipangilio kwa mkono. `publish` ilifanya yote hayo kwa pigo moja, na kwa siku zake ilikuwa msaada wa kweli. Vivyo hivyo kwa `track`: ni katika kipindi hichohicho ambapo `git checkout` ilijifunza kwamba ukiitaja tawi ambalo kwako halipo, lakini lipo kwenye repo moja ya mbali, basi unataka kulitengeneza na kulifuatilia. Ndani ya muda mfupi sana, msingi ulimeza kazi za amri zilizojengwa juu yake.

Hili ndilo ninalotaka kusisitiza kuhusu zana zinazofunika zana nyingine. Mwingiliano wa amri mara nyingi hautokani na mtunzi kukosa mpangilio kichwani. Hutokana na msingi kuendelea kusogea huku kifuniko kikibaki palepale. Amri iliyoziba pengo huwa, baada ya pengo kuzibwa kutoka chini, njia ya pili ya kufanya jambo lilelile, na mtumiaji mpya ambaye hakuwahi kuliona pengo huziona njia mbili na kudhani kwamba lazima kuna sababu ya kina ya kuwepo kwake. Hutumia akili yake nzuri kuitafuta sababu ambayo imekwisha kuondoka.

Sitaki ionekane kwamba kila mwingiliano ni mbaya. `git flow feature checkout malipo` na `git checkout feature/malipo` hufanya jambo moja, na sijawahi kuona mtu aliyepata hasara kwa kuichagua moja badala ya nyingine, kwa sababu hali inayobaki ni ileile hadi mstari wa mwisho wa mipangilio. `git flow feature diff` nayo hukuonyesha tu mabadiliko tangu tawi lako lilipoachana na `develop`, jambo ambalo Git inaliweza kwa maneno marefu kidogo. Njia mbili zinazofika mahali pamoja ni urahisi, na kila mtu achague anayoipenda. Kipimo changu ni hali inayobaki nyuma, wala sihesabu amri. Nikiziendesha amri mbili katika repo mbili zinazofanana, kisha nikazilinganisha repo hizo faili kwa faili, pamoja na ile ya mipangilio iliyofichika, je, nitapata tofauti? Ikiwepo tofauti, na jina la amri halinidokezi kuwa ipo, hapo pana tatizo.

Kwa kipimo hicho, Git yenyewe haitoki salama, na itakuwa dhuluma kuilaumu git-flow peke yake. `git checkout` kwa miaka mingi ilikuwa amri ya kuhama kutoka tawi moja hadi jingine, na wakati huohuo amri ya kuirudisha faili katika hali yake ya zamani, yaani kufuta kazi ambayo haijawekwa kwenye komiti. Neno moja lilibeba tendo lisilo na hatari na tendo lisiloweza kutenduliwa, na tofauti yao ikitegemea kama ulichokitaja ni tawi au ni faili. Ilichukua hadi Agosti 2019, katika Git 2.23, kwa kazi hizo kutenganishwa kuwa `git switch` na `git restore`. Mfano mwingine ni `git branch --set-upstream`, chaguo lililokusudiwa kuandika kumbukumbu ileile ya kufuatana tunayoizungumzia. Msanidi aliyesimama kwenye `master` na kuandika `git branch --set-upstream origin/master`, akitumaini kwamba tawi lake litafuata la seva, alijikuta ametengeneza tawi jipya kwenye kompyuta yake lenye jina `origin/master`. Mwaka 2012, katika Git 1.8.0, likaja `--set-upstream-to` lenye maana iliyonyooka, na lile la zamani likatangazwa kuwa la kuachwa. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba marekebisho yanawezekana hata kwenye zana inayotumiwa kila mahali. Njia yenyewe ni ileile kila mara: amri mpya yenye kazi moja, onyo kwenye ya zamani, na subira.

Kuhusu `pull` kuna shida nyingine isiyotoka git-flow. Katika Git, `fetch` huleta komiti bila kugusa faili zako, na `pull` huzileta kisha huziunganisha. Katika Mercurial, mfumo ulioanzishwa mwaka uleule wa 2005, `hg pull` huleta mabadiliko bila kugusa faili zako, na kazi ya kuleta na kuunganisha kwa pamoja ilipewa nyongeza iitwayo fetch. Majina yaleyale mawili, yamebadilishana nafasi. Msanidi aliyetoka upande mmoja kwenda mwingine alibeba mazoea yaliyomdanganya, na git-flow ikaongeza maana ya tatu, ambapo `pull` hutengeneza tawi lisilofuatana na chochote. Ukijumlisha na ombi la kuvuta (pull request) la kwenye tovuti za kuhifadhi repo, ambalo ni jambo jingine kabisa, unamwona mtu anayesikia kitenzi kimoja kikibeba mambo manne katika siku moja ya kazi.

Nisemeje basi kwa wanaoitetea `pull` ya git-flow? Hoja yao ninaijua na inastahili kusikilizwa. Wanasema kwamba mkaguzi wa kazi ya mwenzake hapaswi kuwa na tawi linaloweza kusukumwa kwa bahati mbaya. Akiandika `git push` bila kufikiri, ni afadhali akataliwe kuliko kuongeza komiti zake za majaribio kwenye kazi ya mtu. Nakubaliana na lengo hilo moja kwa moja. Nisichokubali ni kwamba kinga hiyo ipatikane kwa kuchagua kati ya majina mawili ambayo hakuna hata moja linalotaja ukaguzi wala kinga. Kama amri ingeitwa `review`, au kama `track` ingekuwa na chaguo la kuacha kufuatilia, mkaguzi angeipata kinga yake na mshiriki asingeipokea bila kuiomba.

Mtu mwingine alikwisha kufikia uamuzi unaokaribiana na wangu zamani. Peter van der Does, aliyeendeleza nakala ya git-flow ijulikanayo kama AVH Edition, ambayo kwa miaka mingi ndiyo watu wengi waliyoisakinisha, aliweka onyo ndani ya `git flow feature pull` kwamba amri hiyo itaachwa kuanzia toleo la 2.0.0, na kwamba badala yake itumike `track`. Toleo la 2.0.0 halikutoka. Mradi ulifungwa na kuhifadhiwa mwaka 2023, toleo la mwisho likiwa katika mfululizo wa 1.12, na amri iliyokuwa inasubiri kuondolewa ikabaki mahali pake pamoja na onyo lake. Driessen naye, tarehe 5 Machi 2020, aliongeza maelezo juu ya makala yake ya awali akishauri kwamba timu zinazotoa programu za wavuti mfululizo, bila kulazimika kutunza matoleo mengi kwa wakati mmoja, zifikirie mtiririko mwepesi zaidi kama GitHub flow. Ilikuwa kauli ya uungwana kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa imegeuzwa na wengine kuwa sheria.

Kwa hiyo kuna timu nyingi leo zinazotumia kifuniko ambacho nakala yake iliyoenea zaidi imefungwa, juu ya msingi unaoendelea kubadilika. Siwaambii waache. Mpangilio wa matawi ni jambo moja na amri za kuutekeleza ni jambo jingine, na timu inayotoa matoleo yenye namba, ikiyatunza mawili au matatu kwa pamoja, bado inanufaika sana na mpangilio ule wa 2010. Ninachowashauri ni kuzipunguza amri za kifuniko hadi zile ambazo kweli zina kazi ambayo Git haina kwa amri moja. `release finish` ni ya namna hiyo: huunganisha kwenye `master`, huweka tagi (alama ya toleo), huunganisha kwenye `develop`, na kulifuta tawi la toleo, kwa mfuatano ambao binadamu aliyechoka anaweza kuruka hatua yake moja. Wanaoitumia wakumbuke tu kwamba, isipoongezwa chaguo la kusukuma, kuunganisha na kuweka tagi hutendeka kwenye kompyuta ya aliyeitoa, na `master` na `develop` za kwenye seva hazibadiliki hadi asukume.

Kwa kushirikiana katika tawi la kipengele, katika timu yenye chanzo kimoja, amri za Git zenyewe zinatosha na hazina utata. Anayeanzisha asukume kwa `git push -u origin feature/malipo`. Anayejiunga aandike `git fetch` kisha `git switch feature/malipo`, na tawi litatokea likiwa linafuatana na la seva. Anayekagua tu aandike `git switch --detach origin/feature/malipo`, ambapo anasimama juu ya komiti yenyewe bila tawi lolote, na hana cha kusukuma hata akijisahau. Kila moja ya amri hizi inasema kwa sauti ni hali gani itakayobaki baada yake. Wanaotumia Git 2.37 ya mwaka 2022 au ya baadaye wanaweza pia kuwasha mpangilio wa `push.autoSetupRemote`, ili msukumo wa kwanza wa tawi uandike kumbukumbu bila kuombwa.

Kama tayari una matawi ambayo hukumbuki yalikujaje, andika `git branch -vv`. Kila tawi litajitokeza kwa mstari wake, na lile linalofuatana na tawi la mbali litakuwa na jina la mwenzake ndani ya mabano ya mraba. Lisilo na mabano halina kumbukumbu. Huenda ni la majaribio yako mwenyewe, na hilo ni sawa, au huenda lililetwa na `git flow feature pull`. Ukiwa na uhakika kwamba ni la kushirikiana, simama juu yake na uandike `git branch --set-upstream-to=origin/feature/malipo`. Ukikuta kwenye seva matawi pacha ya kipengele kimoja, usilifute lolote kabla ya kuandika `git log origin/feature/malipo...origin/feature/malipo2 --left-right` na kuzisoma komiti za kila upande pamoja na aliyeziandika, kwa sababu mara nyingi pande zote mbili zina kazi ambayo mtu bado anaitegemea.